Ukikuta jiwe lenye nakshi makaburini, usiliguse kwanza

Jiwe la zamani likionekana makaburini, mambo matatu hufanyika upesi mno: linageuzwa, linaoshwa, na mistari yake inapakwa chaki ili ionekane vizuri kwenye simu. Yote matatu hufanywa kwa nia njema, na yote matatu hufuta habari ambayo hairudi. Hapa nataka kueleza utaratibu ulio bora, kuanzia dakika ya kwanza, nikitumia mfano wa mawe ya Uskoti ambako kazi hii imefanywa kwa muda mrefu, na hali ya mawe, udongo na jua letu la Nakuru na Kisumu.

Nianze na Uskoti. Mwaka 2019, karibu na mji wa Dingwall, wanachama wa kikundi cha akiolojia cha wenyeji walikuwa kwenye uwanja wa kanisa la kale. Katikati ya magugu palikuwa na jiwe la kaburi. Lilikuwa limetumika kama alama ya kaburi miaka ya 1790, na mtu akilitazama juu juu angesema ni la miaka hiyo. Majani yalipoondolewa zikaonekana nakshi: msalaba, wanyama wawili wakubwa wa ajabu kandokando yake, mafahali, na shujaa mwenye kichwa cha mnyama aliyeshika upanga na ngao. Ni kazi ya Wapikti, watu waliokaa kaskazini mwa Uskoti, na umri wake ni kama miaka 1,200. Kilichobaki ni kipande cha bamba ambalo awali lilizidi mita 2 kwa urefu. Mabamba ya Wapikti yenye msalaba yaliyobaki yakiwa mazima au karibu mazima ni kama 50 tu, kwa hiyo unaweza kupima uzito wa ugunduzi huo. Leo linaitwa Jiwe la Conan.

Jina na mwaka vilivyochongwa juu ya jiwe havikuambii jiwe lilichongwa lini. Vinakuambia ni lini mtu wa mwisho alilitumia. Mawe mazuri yaliyokwisha kuchongwa yalichukuliwa na vizazi vya baadaye kwa sababu yalikuwa tayari bapa, na kazi ya kupasua mwamba ni ngumu. Bamba la Hilton of Cadboll, nalo la Wapikti, si mbali na hapo, liliteswa zaidi: mwaka 1676 uso wake wenye msalaba ulichongwa ukasawazishwa kabisa ili kuandikwa maneno ya kaburi la bwana mmoja na wake zake watatu. Karne zikapita, jiwe likahamishwa, likapelekwa hadi London mwaka 1921, watu wakalalamika, likarudishwa Edinburgh mwaka huohuo. Lakini mahali lilipokuwa limesimama palibaki. Wachimbaji waliporudi pale mwaka 2001 walikuta sehemu ya chini ya bamba bado imesimama ardhini, na kuizunguka maelfu ya vipande vidogo vya nakshi iliyobanduliwa. Vipande hivyo ndivyo vinavyowezesha wataalamu kuunganisha upya msalaba uliofutwa. Kama udongo ule ungekuwa umechotwa na kumwagwa shimoni kama kifusi, hakuna ambacho kingerudi.

Ndiyo maana nasisitiza: jiwe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mahali lilipolala, upande uliotazama juu, kina chake, na kilichokuwa chini yake. Jiwe lenyewe halina namna ya moja kwa moja ya kutuambia lilichongwa mwaka gani. Mkaa, mfupa au kigae kilichonaswa chini yake ndicho kinachoweza kupimwa umri, na ukilinyanyua tu bila mpangilio, umechanganya mkaa wa kale na majani ya juzi.

Kwetu nako mawe ya makaburi yapo, na ni ya kale kuliko ya Wapikti. Hyrax Hill, hapa Nakuru, mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 akafukua makaburi ya wafugaji wa kale, na baadhi ya wanawake walikuwa wamezikwa pamoja na mabakuli na sahani za mawe zilizochongwa. Katika pango la Mto Njoro, lililochimbwa mwaka 1938, maiti zilikuwa zimechomwa moto, na zikawekewa bakuli la jiwe, mchi na jiwe la kusagia. Tunajua bakuli lilikuwa la maiti, wala si chombo kilichotupwa jikoni, kwa sababu moja tu: waliochimba waliandika bakuli gani lilikuwa na mifupa ipi. Bakuli lilelile likiokotwa na trekta likauzwa barabarani ni jiwe lenye shimo. Na huko Lokori, kusini mwa Turkana, kuna makaburi yaliyozungushiwa mawe bapa yaliyosimamishwa, yenye michoro inayofanana na chapa wanazopigwa mifugo. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba mawe yenye nakshi makaburini ni mambo ya Wazungu.

Dakika za kwanza

Acha jiwe lilivyo. Piga picha za eneo zima kutoka pande nne kabla hujang'oa hata jani moja, halafu picha za jiwe lenyewe. Weka kando yake rula au kijiti chenye alama za sentimita, na mshale wa karatasi unaoelekea kaskazini. Andika upande uliotazama juu, ncha nene imeelekea wapi, na kina kutoka usawa wa ardhi hadi juu ya jiwe.

Kisha pima mahali. Hapa wengi hutegemea simu peke yake, na simu haitoshi. GPS ya simu ya kawaida hukosea kwa mita 3 hadi 5 mahali peupe, na chini ya miti hukosea zaidi. Makaburini, mita 5 ni makaburi matatu au manne; utakuwa umeandika kaburi la mtu mwingine. Chukua futi ya utepe, pima umbali kutoka kwenye jiwe hadi kona mbili za jengo lisilohama, au bikoni za mpaka wa shamba, na ukiweza ongeza ya tatu ya kuhakikisha. Usipime kutoka kwenye mti, mti hukatwa. Hakikisha tepe mbili zinapokutana kwenye jiwe zinafanya pembe iliyo wazi, karibu na nyuzi 90. Zikikutana kwa pembe nyembamba, chini ya nyuzi 30, kosa dogo la utepe linakuzwa mara mbili au zaidi kwenye ramani.

Kama ni kaburi la boma, zungumza kwanza na wenye boma na wazee wa ukoo. Sehemu zetu za magharibi watu huzikwa nyumbani, na jiwe unaloliona wewe kama ugunduzi linaweza kuwa alama ya babu wa mtu. Kama ni makaburi ya kanisa au ya mji, kuna kamati au msimamizi. Mifupa ya binadamu ikionekana, simama hapo hapo, funika kwa udongo uleule, mpigie chifu. Usiipige picha ya kutuma kwenye makundi ya WhatsApp.

Kusafisha, na kwa nini kidogo ndiyo nyingi

Burashi laini na kavu, kama ya kupakia rangi ya inchi mbili ambayo haijawahi kutumika, na kijiti cha mwanzi kilichochongwa butu kwa udongo uliokamata kwenye mifuo, yaani mistari iliyochongwa. Basi. Udongo ukiwa mgumu, maji safi kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, subiri, halafu burashi tena. Hakuna sabuni, hakuna dawa ya kung'arisha nguo, hakuna asidi ya betri wala ya vigae, na burashi ya waya isikaribie hata kidogo. Mashine ya maji ya kuoshea magari hung'oa punje za jiwe pamoja na uchafu.

Ukoga na yale madoa ya kijivu na ya manjano yanayoota juu ya jiwe, yaache. Nyuzi zake zimeingia ndani ya uso wa jiwe, na ukiyabandua yanatoka na ngozi ya jiwe yenye nakshi. Mara nyingi picha nzuri inaonyesha mfuo kupitia ukoga bila shida.

Aina ya jiwe hubadilisha hatari. Eneo la Nakuru kuna mawe mengi laini yaliyotokana na majivu ya volkano, yale yale yanayokatwa kwa ujenzi. Yakiwa yamelowa, ukucha wa kidole gumba unaweza kuacha alama. Mawe ya sabuni ya Kisii ni laini zaidi, na brashi ngumu tu inafuta nakshi. Granaiti ya upande wa Kisumu na Maseno ni imara, lakini hubanduka kwa magamba, na gamba likitoka linachukua mchoro mzima. Udongo nao una yake. Ule mweusi wa tambarare ya Kano huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo jiwe ndani yake huinama, huzama na kugeuka polepole bila mkono wa mtu. Ukikuta jiwe limelala kifudifudi katika udongo huo, usiandike kwamba liliangushwa.

Jambo moja linalosahaulika: jiwe lililokaa muda mrefu kwenye udongo wenye unyevu lisianikwe juani. Maji yanapotoka kwa kasi huacha chumvi karibu na uso. Chumvi hukua kama fuwele na kusukuma ngozi ya jiwe hadi ibanduke. Lifunike kwa gunia lenye unyevu, na juu yake kivuli, hadi mtaalamu afike.

Chaki sasa. Ukipaka chaki kwenye mfuo, hujaonyesha kilichochongwa. Umeonyesha unachodhani kimechongwa. Atakayekuja baada yako ataona mstari wako, si wa fundi, na picha zote zitabeba kosa lako. Unga wake pia hubaki kwenye vinyweleo vya jiwe. Unga wa ngano, mkaa, mafuta ya kupikia na rangi ni vivyo hivyo. Wala usisugue karatasi na krayoni juu ya jiwe laini.

Mwanga ndio unaosoma jiwe

Badala ya chaki, tumia kivuli. Hesabu ni rahisi. Mfuo wenye kina cha milimita 2 ukimulikwa kutoka juu, kwa nyuzi 80, kivuli chake hakifiki nusu milimita. Jicho halioni kitu. Mwanga ukishuka hadi nyuzi 45, kivuli ni milimita 2. Kwa nyuzi 10 ni milimita 11, na kwa nyuzi 5 kinafika karibu milimita 23. Kwa hiyo mwanga unapaswa kulalia uso wa jiwe, kati ya nyuzi 5 na 15.

Kwetu jua linafanya kazi hii bure, lakini lina saa zake. Jiwe lililolala chali linasomeka kuanzia saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi, na tena jioni kati ya saa kumi na mbili kasoro robo na saa kumi na mbili na robo. Jua letu la ikweta hupanda nyuzi 1 kila dakika 4, kwa hiyo ukichelewa kwa nusu saa umepoteza. Mchana jiwe hilohilo litaonekana tupu kabisa, na watu wataapa halina kitu.

Jiwe lililosimama ni kinyume. Adhuhuri, jua likiwa utosini, mwanga unashuka sambamba na uso wake. Kumbuka tu kwamba Nakuru na Kisumu jua halifiki katikati saa sita kamili. Hufika karibu saa sita na nusu na kidogo, kwa kuwa saa zetu zimepangwa kwa mstari ulio mashariki zaidi. Uso unaotazama mashariki upigwe picha kati ya saa sita kasoro dakika 20 na saa sita na robo. Unaotazama magharibi, saa saba hadi saa saba na nusu. Uso wa kaskazini hupata mwanga mzuri wa kulalia adhuhuri mwezi Aprili, na tena kuanzia katikati ya Agosti hadi mwanzo wa Septemba. Wa kusini, mwezi Februari na Oktoba. Mwezi Juni uso wa kusini hauguswi na jua siku nzima, na mwenye haraka atasema jiwe halina nakshi.

Usipotaka kungoja, njoo na tochi giza likiingia. Tochi moja yenye nguvu inatosha, na simu juu ya kigoda au stendi isiyotikisika. Kwa jiwe la upana wa mita moja, simama na tochi umbali wa mita 2 hadi 3. Ukiikaribia sana, upande mmoja utaungua kwa mwanga na mwingine kuzama gizani. Ishushe hadi ikaribie usawa wa uso wa jiwe, piga picha, kisha zunguka na kumulika kutoka pande nane, kama saa. Usipige picha moja na kuridhika: mfuo unaoelekea sawasawa na mwanga hautupi kivuli, kwa hiyo mwanga wa upande mmoja daima huficha baadhi ya mistari.

Picha za umbo la pande tatu zinataka mwanga wa namna nyingine kabisa. Kwa fotogrametria, yaani kujenga umbo hilo kutokana na picha nyingi, programu hulinganisha maelfu ya nukta kati ya picha na picha, na vivuli vikali vinavyohama huipotosha. Ngoja mawingu, au weka turubai ya kivuli. Piga picha 60 hadi 100 kwa jiwe la mita moja, ukizunguka kwa duru tatu: chini, usawa wa kifua, na juu. Kila picha irudie angalau thuluthi mbili za ile iliyotangulia. Usikuze kwa zumu, usitumie flashi, zima ile hali ya simu inayotia ukungu nyuma ya mtu. Jiwe liwe kavu, kwa sababu maji hung'aa na programu huona mng'ao kama umbo. Nyasi zinazotikiswa na upepo zilaze au zifunge kando. Na rula iwemo ndani ya picha, la sivyo utapata umbo zuri lisilo na ukubwa.

Je, ni kazi ya mtu?

Si kila mstari ni nakshi. Mkwaruzo wa plau ni mrefu, umenyooka, mara nyingi una wenzake sambamba, na rangi yake ni mpya kuliko jiwe. Mahali pa kunolea panga au shoka ni mfuo uliochongoka ncha zote mbili, mpana katikati, laini sana kwa kidole. Mizizi huacha njia zinazopindapinda na kugawanyika. Mashimo madogo yaliyopangwa safu kwa safu yanaweza kuwa ubao wa bao. Hyrax Hill kuna bao zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe, na hizo ni urithi kama kaburi lolote.

Fundi wa Kipikti alifuata mstari wa mchoro kwa kudonoa kwa ncha ya chuma, nukta kwa nukta, kisha akalainisha mfuo. Kwa nakshi za kuinuka alipunguza uso unaozunguka ili mnyama abaki juu. Ukiangalia kwa mwanga wa kulalia, kando za mfuo wa kudonolewa si nyoofu kama za msumeno. Zina vishimo vidogo vilivyoshikana, na palipolainishwa vizuri utaviona tu kwenye kona ambazo fundi hakufikisha zana. Vishimo hivyo ndivyo ushahidi bora kuliko umbo lolote. Umbo jicho hulibuni. Alama ya zana haibuniki. Tazama kama nukta zina rangi ileile ya kuchakaa kama uso wote. Nukta nyeupe ndani ya jiwe lililofifia ni za hivi karibuni.

Kunyanyua na kuripoti

Kabla ya mtu yeyote kusema "tulibebe tu", piga hesabu. Bamba la mita 1 kwa sentimita 60, lenye unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 0.09. Jiwe gumu la tani 2.5 kwa mita ya ujazo linakupa kilo 225. Wanaume wanne wakiliinua kwa kona bila ubao wa kulibeba chini, uzito wote unakaa kwenye ufa ambao hamkuuona, na linavunjika katikati. Mnyororo hula kingo, na kingo ndizo zenye pambo la mpakani. Kazi hiyo iachwe kwa wenye vifaa.

Sheria yetu ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inataka aliyegundua kitu cha kiakiolojia aijulishe Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi kilivyopatikana. Kitu cha kale kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895 na kilicholala ardhini ni mali ya Serikali, na kuchimba kunahitaji leseni. Kwa wa Nakuru, mlango wa karibu ni Makumbusho ya Hyrax Hill. Kwa wa Kisumu, Makumbusho ya Kisumu. Upande wa Trans Nzoia, Makumbusho ya Kitale. Peleka picha na vipimo kwanza, na jiwe libaki mahali pake hadi Makumbusho waseme.

Watu wa Govan, Glasgow, wanajua faida ya kumbukumbu. Mawe yao 46 ya karne ya 9 hadi ya 11 yalipigwa picha mwaka 1899. Mengine yalipotea baada ya banda la kiwanda cha meli jirani kubomolewa mwaka 1973, yakidhaniwa ni kifusi. 31 sasa yamehifadhiwa ndani ya kanisa. Mwaka 2019 kijana wa shule wa miaka 14, akishiriki uchimbaji wa wenyeji, aligonga moja ya yaliyopotea chini ya nyasi. Lilitambuliwa kwa sababu mtu alikuwa ameshalipiga picha miaka 120 kabla.

Kwa hiyo hifadhi picha zako asili, si zile zilizopitia WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huzibana. Kila faili ipe tarehe, mahali, upande wa jiwe na upande ambao mwanga ulitoka, mfano "uso-mashariki, tochi-kushoto". Toa nakala tatu: moja yako, moja kwa wenye makaburi, moja kwa Makumbusho, pamoja na karatasi ya vipimo vya utepe iliyoandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu hukimbia karatasi ikilowa.